Sketi ya Kijani Pale Toi

Najua mtacheka, chekeni tu, maana hata mimi nikiyakumbuka nafunika uso, lakini msije mkadhani nilikuwa nacheka siku yenyewe: haki ya Mungu nilitetemeka mpaka meno yakagongana.

Si mnajua macho yangu yaliisha kidogo kidogo, sasa naona mwanga na vivuli tu. Biashara yangu ya sabuni ya maji hapa Kibera naifanya kwa simu inayoongea, nikigusa skrini inanisomea kwa waya wa sikio moja, na sikio la pili naliachia barabara. Skrini yenyewe nimeiweka iwe nyeusi tiii, ya nini kunimulika kama siioni, na tena hakuna wa kuchungulia namba yangu ya siri. Halafu kuna programu ya rangi (hii ndiyo ilinitia mashakani): unaielekezea nguo kamera, nayo inakunong'oneza, bluu, nyekundu, maua maua.

Sasa, Musyoka, mchumba wangu, alikuwa amepanga kunipeleka Machakos Jumamosi hii nionwe na mamake. Mamake hajui kwamba sioni. Musyoka akasema tutamwambia polepole akishanizoea, kwa hivyo niache ile fimbo yangu nyeupe nyumbani, yeye atanishika mkono tuonekane wapenzi tu. Nikakubali. (Mapenzi, jameni.) Basi juzi nikaenda Soko la Toi, lile la mitumba, kutafuta nguo ya safari, na nilipofika nikajiambia, si nifanye mazoezi ya Jumamosi? Nikaikunja fimbo, nikaitia kwenye mkoba. Kosa lilikuwa hilo moja tu.

Mwanzoni, raha! Hakuna aliyenipa pole, hakuna aliyenikamata kiwiko na kunivusha nisikotaka kwenda, na mama muuza sketi akaniita "kastoma, kuja supa," yaani njoo mrembo, kama anavyoita kila mtu. Nikawa napapasa nguo zilizotundikwa moja moja, nainua simu, nasikiliza. Kahawia. Nyeusi. Mbele kidogo nikagusa leso ya khanga imening'inia kwa kamba, nikaisogeza, na nyuma yake mkono ukapata kitambaa kizito, laini, kizuri ajabu. Nikakielekezea simu. "Kijani," ikasema. Nikakamata pindo, nikavuta nipime upana.

Sketi ikapiga nduru.

(Ndiyo, najua, Toi watu hujaribia nguo nyuma ya leso. Mimi mwenyewe nimejaribu hapo mara nyingi. Lakini siku hiyo nilidhani na leso ni ya kuuzwa!)

"Wueh! Ananipiga picha! Huyu mama ananipiga picha nikivaa!"

"Hao ndio huwa wanaziweka mtandaoni! Shika yeye!"

Mtu akanikamata mkono, na nikasikia viatu vikija kutoka kila upande. Jameni, niliogopa. Nyinyi mkizungukwa mnaona pengo la kupenyea, mimi nilisikia pumzi tu, mbele pumzi, nyuma pumzi, na sijui ngumi itatokea wapi. Nimekulia Kibera, najua umati ukikaribia kupiga huwa unapunguza maneno. Na maneno yalikuwa yanapungua.

"Sioni," nikasema. "Mimi sioni, nawaomba."

"Huoni aje na umekuja hapa peke yako, unachagua nguo?" Hiyo ilikuwa sauti ya kijana, karibu kabisa na uso wangu. "Fungua hiyo simu tuone picha."

"Hakuna picha, inanisomea rangi."

"Inasoma nini na imezimwa? Si mnaona skrini ni nyeusi? Anaficha!"

Nikaikumbatia simu kifuani. Wateja wangu wako humo, maisha yangu yako humo, wakiipasua nitarudi kukaa kitandani nikingoja mtu wa kunielezea dunia. Ndipo nikakumbuka fimbo. Nikatumbukiza mkono kwenye mkoba nikaichomoa niwaonyeshe, na fimbo ya kukunja ukiiachilia hujifyatua yenyewe, ka! ka! ka! ka!

"Ana chuma!"

Wakaruka nyuma, nikasikia meza ikipinduka, kisha wakarudi na hasira mara mbili. Fimbo ikapigwa ikaanguka. Simu ikanyakuliwa, waya ukachomoka kwenye simu ukabaki unaning'inia sikioni. Nikajikunja chini, mikono kichwani, nikamwita Mungu kwa Kiluhya, na niseme tu ukweli kwa sababu tumeshafika hapa: mkojo ulinitoka.

Halafu simu ikaanza kuongea. Bila waya, kwa sauti yake yote, kila kidole cha yule kijana kilipogusa. "Rangi. Kijani." "Rudi." "Oda za sabuni."

"Kwani inaongea na nani?" mtu akauliza.

Kabla hajajibiwa ujumbe ukaingia, na simu yangu mtiifu ikausomea soko zima: "Ujumbe kutoka kwa Musyoka. Mpenzi, umepata nguo? Kumbuka fimbo ibaki nyumbani. Mama akijua huoni atakataa."

Viatu vikaanza kurudi nyuma, kimoja kimoja. Aki afadhali wangenipiga.

Mwenye kuchuchumaa kando yangu alikuwa yule niliyemvuta sketi. Akanirudishia simu mkono mmoja, fimbo mkono wa pili. "Pole, dada. Sikujua." Mama muuzaji akaifungua ile leso kwenye kamba, akanifunga kiunoni kuficha nguo iliyolowa. Kisha yule niliyemvuta sketi akaniuliza polepole, lakini walisikia wote, "Na huyo Musyoka, anataka kukuoa ama kukuficha?"

Nikaigonga fimbo chini, nikaondoka. (Sketi aliinunua yeye. Nasikia ilimkaa vizuri.)

Nimeapa, fimbo sitaikunja tena nikiwa nimesimama, hata mbele ya mama wa mtu. Aibu ya kuwa kipofu nimeizoea, ile ya kujifanya naona karibu initoe roho. Jana nilimpigia Musyoka nikamwambia fimbo inakuja Machakos. Akasema, "Ngoja kwanza nifikirie," akakata.

Jumamosi ni kesho. Naogopa, siwezi kuwadanganya. Simu hiyo hapo mezani, waya nimetoa, sauti iko juu kabisa. Akiandika, tutasikia pamoja.