Leo Ardhi Imesema Nini?

Filister Awino alikuwa na kisigino chenye sifa. Msicheke. Wanawake wengine husifiwa kwa sauti ya kwaya, wengine kwa kukaanga samaki asiachane, lakini Filister alisifiwa kwa kisigino, na aliyemsifu ni mtu mwenye digrii mbili.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mwaka juzi kampuni moja ya kutafuta mafuta ilifika ufuoni upande wa Homa Bay ikaandika vibarua, wake kwa waume. Walipewa vyombo vidogo vinavyoenea kwenye kiganja, kila kimoja na msumari chini na waya ubavuni. Jina lake ni jiofoni, lakini vibarua waliviita masikio, na baada ya wiki moja hata wakubwa wao wakawa wanasema masikio. Unachomeka sikio ardhini, unalikandamiza kwa kisigino, unapiga hatua, unachomeka lingine, mpaka mstari mnyoofu unavuka mashamba, vichaka na nyua za watu. Kisha yanakuja magari mazito yenye bamba la chuma tumboni. Gari linashusha bamba, linaitetemesha ardhi, na ule mtetemo unashuka, unagonga miamba, unarudi juu, masikio yanasikia. Uliochelewa kurudi umetoka mbali zaidi. Kwa kupima kuchelewa huko, wataalamu wanachora kilichoko chini kilomita mbili, tatu, bila kuchimba hata shimo la choo.

Sasa, sikio lililolegea husikia upuuzi: upepo, nyasi, kuku anayeparura. Masikio ya Filister hayakulegea hata siku moja. Onchiri, mtaalamu wa miamba aliyesimamia kazi, kijana wa Kisii mwenye miwani na haraka nyingi, alikuwa akipita kwenye mstari na kusema, "Hapa amepita Mama Filister, hapa hakupita."

Kusikiliza ardhi hakukuanza na kampuni. Filister alizaliwa Masara, huko Suna, kwenye machimbo ya dhahabu. Baba yake alikuwa akiteremka shimoni kwa kamba, na mtoto Filister alilala kifudifudi juu, sikio kwenye udongo, akisikiliza nyundo. Nyundo ikigonga, baba yuko hai. Ikinyamaza, moyo wake nao ulisimama mpaka igonge tena. Baba yake alizeeka, akafa kitandani kama watu wengine, Mungu asifiwe, lakini lile sikio halikumtoka binti.

Alipoolewa kijijini Kawuor, kando ya ziwa, wakamwita Nyar Suna, binti wa Suna, kama ilivyo desturi ya Wajaluo kumwita mke kwa alikotoka. Mumewe, Chrispine, yuko kisiwani Mfangano kwenye biashara ya samaki na huja nyumbani mwisho wa mwezi. Kwa hiyo maisha ya Filister yalikuwa na wakwe zake: Mama Marcella, mwenye ulimi, na Mzee Jeremiah, mwenye uziwi.

Uziwi wa Jeremiah aliupata kazini. Miaka thelathini aliendesha greda la baraza la wilaya, akiparua barabara za murram zisizo na lami kutoka Kendu mpaka mpakani, na greda likampa pensheni kwa mkono mmoja na kumnyang'anya masikio kwa mwingine. Ukimwambia jambo, lazima kwanza aseme, "Ati?" Ndipo urudie kwa kupiga kelele. Hata maneno aliyoyasikia mara ya kwanza aliyaambia "Ati?" kwa mazoea tu. Lakini miguu yake, jamani! Alikaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya jiko, viatu pembeni, nyayo zimelala chini, na jioni angekuambia gari la kampuni lilipita saa ngapi na lilielekea wapi.

Ni yeye aliyemfundisha Filister kupanda masikio. Siku ya kwanza ya kazi Filister alirudi amenuna kwa sababu Onchiri alimkemea mbele ya watu. Mzee alimpeleka nyuma ya nyumba, akachutama kwa shida.

"Udongo mweusi ukikauka unapasuka," alisema. "Usipande karibu na ufa. Tafuta mahali ulipokaza. Ona, hapa. Na usipige kwa hasira. Lalia kisigino, polepole, kama unazima moto wa jirani."

Kuanzia hapo hakukemewa tena.

Na kila jioni, kabla hajashusha hata lesso, mzee alimuuliza swali lile lile.

"Nyar Suna, leo ardhi imesema nini?"

"Haijaniambia, Baba."

"Ati?"

"HAIJANIAMBIA!"

"Yawa! Kazi gani hiyo, kupanda masikio na usisikie?"

Kweli tupu. Waya zote ziliingia kwenye gari la kurekodi, na humo vibarua hawakanyagi. Ardhi ilizungumza na Onchiri peke yake. Filister aliona haya kidogo, maana mzee aliuliza kwa hamu kama mtu anayeulizia habari za ndugu yake.

Siku moja alijaribu kumweleza alichosikia kambini. Mzee aliamini kwamba chini kuna tangi kubwa, mafuta yanacheza mle ndani. Filister alichukua andazi, akalitumbukiza kwenye chai, akalitoa.

"Chai iko wapi, Baba?"

"Ati?"

"CHAI! IKO WAPI?"

"Ndani ya andazi."

"Ndivyo! Mafuta yamo ndani ya mawe. Zamani hapa palikuwa na bonde lililozama, likajaa mchanga na tope, likagandamana. Yale mawe ya mchanga yana vitundu. Mafuta yakipata tope gumu juu, kama kifuniko, yanabaki humo. Yakikosa, yameshatoroka kitambo."

Mzee akalitazama lile andazi, akalila.

"Basi wamechelewa," alisema. "Mafuta nimekula."

Mama Marcella alicheka mpaka akashika mlango.

Mwezi wa tisa, Jeremiah alilala baada ya chakula cha mchana na hakuamka. Hakuugua, hakusumbua mtu. Filister alirudi kutoka kwenye mstari akakuta kiti cha plastiki kitupu na viatu viko pembeni, akajua kabla hajaambiwa. Alilia kwa sauti, hakujizuia. Alimpenda yule mzee, tuseme wazi. Alimpenda kuliko wengi wanavyowapenda wakwe, na hakuwa na wa kumwonea haya.

Mazishi yakapangwa Jumamosi. Ijumaa alasiri ilikuwa ya tero buru: mzee wa boma akifa, vijana hukimbiza ng'ombe mpaka mpakani mwa kijiji, kwa ngoma, filimbi na vishindo, kukifukuza kifo kilichomchukua, kisha hurudi nao nyumbani. Ni watu wa kanisa, ndiyo, na pasta alialikwa. Lakini mwanamume mwenye boma haondoki Kawuor bila buru.

Na hapo ndipo mambo yalipogongana. Mstari wa nne, wa mwisho, ulibakiza mita mia saba tu, na hizo mia saba zilipita nyuma ya boma la Jeremiah. Mvua ilikuwa imewachelewesha. Magari ya kutetemesha yalikuwa ya kukodi na yalitakiwa kuondoka Jumamosi alfajiri. Ilibaki Ijumaa alasiri, na masikio yakiwa kazini hayataki hata mtu apite na baiskeli.

Onchiri alikuja kutoa pole Jumatano. Alikaa, akanywa chai, akavua miwani, akaivaa.

"Mama Filister, ninaona aibu kusema hili."

"Sema, Injinia. Aibu haijazi tumbo."

"Ijumaa, saa nane mpaka saa tisa. Saa moja ya kimya, basi. Wewe watakusikiliza. Tukimaliza hapa tunahamia Karungu, kazi ya mwaka mzima. Nimeandika jina lako uwe msimamizi wa masikio yote. Lakini mkubwa wangu Nairobi amesema nisipomaliza mstari huu, orodha yangu ya watu haitasomwa."

Msimamizi! Mwaka mzima! Filister alikuwa na miaka hamsini na mbili, na tangu azaliwe hakuna aliyewahi kuandika jina lake kwenye orodha ya juu ya kitu chochote. Aliitaka kazi ile. Akajiambia, saa moja ni nini? Ng'ombe wanaweza kungoja saa tisa. Akapiga moyo konde, akaingia kwa Mama Marcella.

Marcella alikuwa amekaa mkekani, kitambaa cheusi kichwani. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Ng'ombe wakingoja saa tisa," alisema, "wageni wa Kisumu watakuwa wamefika na pasta ameanza ibada. Hapo mtaniambia buru ipite kimya kimya ili isimsumbue pasta. Ninawajua."

"Saa moja tu, Mama."

"Nyar Suna. Miaka arobaini nimempigia yule mtu kelele. Uji tayari, kelele. Mvua inakuja, kelele. Nakupenda, nayo kelele, majirani wote wakisikia. Mtu asiyesikia, leo unataka tumsindikize kwa kunong'ona?"

Filister alitoka nje, akamkuta Onchiri amesimama kando ya gari lake.

"Haiwezekani, Injinia."

"Umeuliza vizuri?"

"Nimeuliza vizuri, nimejibiwa vizuri zaidi. Ardhi yako itasubiri. Mzee hawezi."

Uso ulimshuka kijana wa watu. "Basi mimi nitawasha tu mashine," alisema. "Labda Mungu atatupa dakika kumi."

Ijumaa alfajiri, kabla waombolezaji hawajajaa, Filister alifunga lesso, akaenda kupanda masikio. Mtu angeuliza kwa nini, na kazi ya Karungu imeshaota mbawa? Ni kwa sababu kazi ni kazi, na kwa sababu mstari ulipita pale pale alipochutama na mzee. Alipanda mia na ishirini, kila moja mbali na ufa, kisigino polepole. Kisha akarudi jikoni kusonga ugali wa watu mia tatu.

Saa nane, gari la kwanza likashusha bamba. Saa nane hiyo hiyo ngoma zikalia. Chrispine alitangulia, mkuki wa babu mkononi, ng'ombe thelathini na kitu nyuma yake, vijana wanapuliza filimbi. Alipofika nyuma ya boma akaona waya njiani, akasimama.

"Filister! Tupite wapi?"

Angeweza kusema zungukeni kwa mto. Mto uko mbali, na mstari ungepata zile dakika zake kumi, pengine ishirini. Aliona Onchiri mlangoni mwa gari la kurekodi, mikono imeshika kichwa. Aliona pia kiti cha plastiki mbele ya jiko.

"Piteni kando ya waya," alisema. "Msikanyage masikio. Nyookeni hivyo hivyo mpaka mpakani. Baba hakuwahi kutengeneza barabara yenye kona."

Wakapita. Haki ya Mungu, ardhi ilitikisika! Kwato, ngoma, miguu ya wanaume, vigelegele, vumbi mpaka juu ya mabati. Hata waliokuja kwa ajili ya chakula walikimbia pamoja nao. Mama Marcella alisimama mlangoni akapiga kelele jina la mumewe kwa sauti iliyokuwa na miaka arobaini ya mazoezi. Filister alilia na kucheka pamoja, mwiko wa ugali bado uko mkononi.

Jumamosi magari yaliondoka, mzee akazikwa. Jumanne Onchiri akaja peke yake, amekunja karatasi ndefu kwapani. Aliitandaza mezani, akaweka vikombe kwenye pembe.

"Sitakudanganya, Mama Filister. Nafasi ya Karungu amepewa mtu mwingine."

Iliuma. Filister aliitikia kwa kichwa, akangoja iache kuuma, haikuacha, akaendelea kusikiliza.

"Hii ni Ijumaa. Kila mstari hapa ni sikio lako moja, la kwanza kushoto, la mia na ishirini kulia. Muda unashuka hivi. Hapa juu, kimya. Sasa tazama."

Weusi mnene ulianza kwenye sikio la kwanza, ukashuka kwenda kulia, sikio kwa sikio, bila kuruka hata moja, mpaka la mwisho. Hapo ukatulia kidogo. Kisha ukageuka, ukarudi kushoto, sikio kwa sikio, mpaka nyumbani.

"Nimefanya kazi hii miaka tisa," Onchiri alisema. "Sijaona kitu kilichosikika wazi hivi. Mitetemo ya magari yangu imezama humo humo, siwezi kuitoa. Kwenye ramani ya chini ya ardhi, hapa patabaki peupe."

Mama Marcella akainama. "Hapo peupe ni wapi?"

Onchiri akaonyesha dirishani: jiko, kiti, kaburi bichi.

"Kwa hiyo hapa chini, Nairobi hawajui kuna nini?"

"Hawajui, Mama."

"Waambie ni Jeremiah."

Onchiri alicheka, kisha akavua miwani akaifuta muda mrefu. Aliwaachia karatasi.

Mgeni alipoondoka, Filister aliikunja, akaenda nayo kaburini. Udongo ulikuwa mweusi, umeanza kukauka. Alichutama mahali pasipo na ufa, akalaza kiganja chini.

"Baba!" akapaza sauti. Majirani waliokuwa wakipita walisimama. "Leo ardhi imeniambia! Imesema, Jeremiah anapita!"

Akangoja kidogo, muda wa mtu kusema "Ati?"

Kisha akarudia, kwa sauti zaidi.