Dang'a ya Mzee Kweyu

Mzee Javan Kweyu alikuwa amekataa chakula kwa siku ya tano, na bintiye Everline alikuwa ameishiwa na maarifa. Uji ulipoletwa alifumba mdomo. Mchuzi wa samaki, ambao zamani angeupigania, aliutazama kana kwamba ametiliwa sumu ya panya. Hospitali ilikuwa imemrudisha nyumbani, mtaani Kaloleni, kwa maneno machache: mpeni chochote atakachotamani. Naye alitamani kitu kimoja tu. "Dang'a," alisema, akageukia ukutani.

Everline alizaliwa katika nyumba hiyo hiyo, akashona sare za shule kiwandani kwa miaka ishirini na miwili, na maziwa aliyajua yakiwa ndani ya pakiti. Alidhani baba anaweweseka. Akamwendea jirani yake, Mwalimu Celine, mstaafu ambaye hakuna kinachompendeza kama kuulizwa swali, naye akaichomoa kamusi chini ya televisheni. "Maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyetoka kuzaa," akasoma, akaifunga kwa madaha. Lilikotoka neno lenyewe, kamusi haikusema.

Kwa baba yake, hata hivyo, Everline sasa alikumbuka lilikotoka. Kabla ya kazi ya reli, kabla ya sare ya kaki na filimbi, Javan alichunga ng'ombe wa mzungu mmoja huko Kitale. Wachungaji walitoka kila upande wa nchi, wakaelewana kwa Kiswahili, na neno hilo alilipata hapo malishoni. Ng'ombe akizaa na ndama akishashiba, dang'a iliyobaki ilichemshwa ikaganda kama mayai, nao wakaila kwa mikono. Aliwahi kusema, siku moja tu, akifunga kamba za viatu, kwamba hizo ndizo siku alizolala ameshiba. Everline hakumuuliza zaidi, na sasa alijuta vibaya sana.

Kesho yake asubuhi alifika Eastleigh kwa Zakariye, muuza maziwa ya ngamia, akiwa na pesa zimefungwa kwenye kitambaa. Zakariye alicheka, si kwa ubaya.

"Hiyo haiuzwi, mama. Ndama kwanza. Ikibaki, ni ya majirani. Wewe usitafute duka, tafuta ng'ombe aliyezaa." Kisha akamwelekeza Mbotela kwa mjane aitwaye Mutheu, anayefuga ng'ombe mmoja nyuma ya nyumba, na ambaye ng'ombe wake alikuwa akingojewa kuzaa wiki hiyo.

Everline alikwenda karibu akikimbia. Alimkuta Mutheu amepiga magoti kwenye majani makavu, mbele yake ndama mweusi mwenye baka jeupe usoni, amelala ubavu.

"Amezaliwa alfajiri," Mutheu alisema baada ya kusikia shida yake. "Hajasimama. Nimemtia chuchu mdomoni, hanyonyi. Akinyonya, itakayobaki ni ya mzee wako. Kabla ya hapo sikamui, dada, unisamehe."

Everline akaketi juu ya ndoo, akangoja. Saa nne ikapita, saa tano. Alimfikiria baba yake na midomo ile iliyokauka, na ndipo likamjia wazo ambalo hangemwambia hata kasisi: ndama huyu akifa, dang'a yote ni ya baba. Aibu ilimshika mpaka masikio yakawaka moto. Akainuka, akatwaa gunia, akaanza kumsugua ndama mbavu pamoja na Mutheu, kwa nguvu, mpaka mikono ikafa ganzi. Hakuwahi kuomba kitu kwa moyo kama alivyoomba ndama yule asimame.

Saa nane mchana ndama aliacha kupumua. Wakamfunika kwa gunia lile lile. Mutheu akakamua huku ng'ombe akigeuza kichwa na kutafuta, akajaza mkebe mzima, akamkabidhi Everline bila kumtazama.

"Chukua. Hapa haina kazi tena."

Nyumbani Everline aliichemsha ikaganda, nzito na ya manjano. Harufu ilimfikia mzee kabla ya bakuli, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili akageuka kutoka ukutani. Everline akamsogezea kijiko. Mzee akafumba mdomo.

"Ndama amenyonya?"

Everline alijua akisema kweli, bakuli lile halitaguswa.

"Amenyonya, Baba."

"Amesimama mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Mzee Kweyu akafungua mdomo. Alimeza kijiko cha kwanza, akameza cha pili, machozi yakimlengalenga. Kisha akauliza ndama ana rangi gani. Mweusi, Everline akasema, ana baka jeupe usoni. Mzee akatabasamu, akataka kujua kama ameanza kukimbia. Everline, mikono ikinuka gunia, akaanza kumsimulia jinsi ndama yule anavyokimbia, akarefusha hadithi kadiri alivyoweza, mpaka bakuli likaisha.