Picha Kabla ya Zege

Karani wangu wa mjengo alikubali kazi kwa sharti moja: nimnunulie kishikwambi. Tulivutana mpaka tukakutana kwenye cha mtumba. Hukifunga katika mfuko wa nailoni, vumbi la saruji lisikiingie, na kabla ya kukigusa hufuta kidole kwenye mtandio. Zege halijamwagwa, yeye ameshainama kupiga picha nondo, akitaja jina la chumba kwa sauti ya kubembeleza mtoto.

Siku moja mwenye nyumba alikuja amefura. "Shemeji yangu kaniambia sakafu hii haina nondo. Mmeziuza! Vunjeni yote, kwa gharama yenu." Kuvunja kungenifilisi. Karani akafuta kidole taratibu, akatafuta, akamgeuzia kioo. Nondo zilikuwa zimepangwa safi, na katikati yake amesimama mwenye nyumba mwenyewe, anaongea na simu.

"Bosi wangu, na hiki kitambi tumekiuza pia?" karani akamuuliza.

Bosi akacheka mpaka akakaa juu ya tofali. Sakafu ikabaki, na nyumba yake ya pili akatupa sisi kuijenga. Yule mama karani namshukuru kwa vitendo: siku hizi zege langu halimwagwi mpaka yeye aseme, "Haya, mwageni," nami nasubiri pembeni.