Jina la Chiku Kwenye Seva

Chiku Isihaka ni mwanamke mwaminifu kuliko wote niliofanya nao kazi, na mimi ndiye niliyemponza. Nalisema mapema nisije nikajificha katikati ya maneno.

Ni karani wa masijala wa kampuni yetu ya mbegu hapa Mbeya, mzaliwa wa Mwanjelwa, mtu wa kufunga faili kwa kamba kisha akalifungua tena ahakikishe. Miaka sita iliyopita tulipohamishia mafaili yote kwenye seva, kompyuta kuu ya kampuni, alikaa nami wiki tatu, tukila mihogo ya kukaanga juu ya meza. Sasa, programu za seva nazo huingia kazini kwa jina na neno la siri, kama mtu. Fundi mwenye akili huzitengenezea akaunti yao, isiyo ya mtu yeyote. Mimi, fundi wao wa kompyuta, nilikuwa nimechoka. Nikamwambia, "Dada Chiku, niazime jina lako, kesho nabadilisha." Akaniandikia neno lake la siri kwenye kikaratasi: jina la mumewe na mwaka wa ndoa yao.

Kesho hiyo, jamani, imechukua miaka sita.

Mwaka huu mumewe, Anwari, akafariki. Chiku akakaa eda nyumbani, miezi minne na siku kumi, hatoki. Katika mwezi wa pili wa eda, meneja wetu Crispin akapekua kumbukumbu za seva, akakuta jina la Chiku limefungua kila faili la kampuni, hata barua za siri za nidhamu. "Yuko eda au yuko kwenye mafaili yangu?" akafoka. Barua ya kumfukuza ilishachapwa, imebaki sahihi tu.

Nikamwambia si yeye, ni programu ya kutafutia mafaili. Inasoma kila kitu kwa jina lake, na kosa ni langu.

"Thibitisha," akasema. "Badilisha hizo akaunti. Ijumaa nikiliona tena jina lake, nasaini."

Haya. Nikabadilisha. Huduma moja inakubali, nyingine inagoma, ya tatu inataka seva izimwe na ofisi nzima inakununia. Jumatano asubuhi Crispin akaniita: jina la Chiku lile pale, saa tatu na robo. Nilitaka kulia, kweli. Nilikuwa nimesahau seva ya pili, ya tawi la Iringa, ambayo haikubali kushikwa kwa mbali.

Alhamisi nikapanda basi, mgongo unaniuma, mafua juu. Iringa nikafunguliwa chumba chenye vumbi, nikaingia kwa lile neno la siri la zamani. Jina la marehemu, herufi moja moja, kwa vidole vyangu. Nikaweka akaunti mpya, nikaifuta ya Chiku.

Ijumaa kutwa jina lake halikuonekana. Crispin akaichana barua.

Jumamosi nikaenda Mwanjelwa nimweleze mwenyewe. Nikakaa barazani, dada yake Shufaa akasimama mlangoni, Chiku yuko ndani nyuma ya pazia. Nikasimulia yote, hata ile barua.

Shufaa akaguna. "Mzigo wa mwenzio kanda la usufi."

"Muache, dada," sauti ya Chiku ikasema. Kisha, taratibu: "Kaka Asukile, asante kwa kuhangaika. Lakini siku ile wewe pia ulikuwa na jina lako na neno lako la siri. Mbona hukuweka lako?"

"Nilikuwa nimechoka, dada."

"Tulichoka wote. Mbona hukuweka lako?"

Nikatazama viatu vyangu, bado vina vumbi la Iringa. Jibu nilikuwa nalo tangu siku ile ya mihogo.

"Niliogopa," nikasema. "Likiharibika jambo, nilitaka lisomeke jina la mtu mwingine."

Shufaa akaingia ndani, akafunga mlango.