Kifuniko cha Bido la Esansi

Harufu ya esansi, yaani petroli, ilikuwa inanipokea mlangoni kila nilipotoka shule, na saa sita mchana ilinifikia mbali zaidi kuliko alfajiri. Ulikuwa msimu ambao mafuta yalipotea Bujumbura. Baba alikuwa dereva wa teksi, na madereva wote wa mtaa wetu wa Nyakabiga walifanya alivyofanya yeye: akipata esansi iliyovushwa kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, aliificha ndani ya nyumba, katika dumu la plastiki tuliloliita bido. Letu lilikaa kwenye korido, chini ya mabati yaliyowaka jua. Nyuma ya korido, kwenye kibaraza, mama mdogo Furaha alipikia imbabura, lile jiko la makaa. Mama yangu alifariki nikiwa mchanga, na huyu mdogo wake ndiye aliyekuja kunilea. Alikuwa na mdomo, jamani! Alinitania kutwa nzima kwamba nasoma mpaka nitasahau kufua. Nilimpenda kupita kiasi.

Asubuhi moja mwalimu wetu wa fizikia alifunga chupa tupu ya plastiki iliyobonyea, akaianika juani. Hadi mapumziko ilikuwa imetuna. Akatueleza kwamba gesi ni chembe zisizotulia, na kila joto linapopanda chembe hizo hupata nguvu, hukimbia mbio zaidi na kugonga kuta za chombo kwa kishindo zaidi. Ndiyo maana, alisema, hata harufu husambaa upesi siku ya joto. Mimi nilikuwa wa kwanza darasani, na kiburi nilikuwa nacho tele. Nilirudi nyumbani nikitembea kama daktari.

Nikalikuta bido limevimba tumbo kama mbuzi aliyevamia mahindi mabichi. Nikaziona zile chembe zikigonga, nikaona litapasuka na kumwaga esansi yote. Mama mdogo aliniona naliinamia.

"We mutoto, wacha bido ya baba yako!"

"Mi najua, mama mudogo. Tumesoma leo."

"Haya, profesa. Enda basi ulete chumvi."

Alipogeukia maharagwe yake nilikishika kifuniko kwa pindo la sketi, nikakisokota kwa mikono miwili mpaka kikalegea. Bido likapumua, fsss, likanywea. Nilikiacha hivyo hivyo, kimelegea, ili lisivimbe tena, nikaenda dukani nikijisifu. Mjuaji mimi! Kwamba mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa, kwamba hutambaa chini sakafuni kuyafuata makaa, somo hilo mwalimu alikuwa hajalifikia. Nilikuwa nahesabiwa peremende za chenji niliposikia mlipuko, kisha sauti ya mama mdogo. Sauti ile sitaiandika.

Alikaa hospitali siku tatu. Kwenye kilio, kaka zake waliotoka Uvira walimzunguka baba mbele ya watu wote, wakamwambia ameweka moto ndani ya nyumba na kumuua dada yao. Baba aliinamisha kichwa. "Ni mi. Kosa ni yangu." Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake na nilinyamaza. Hawakukanyaga tena kwetu, na baba hakuendesha tena teksi. Namchukia yule mtoto aliyenyamaza, na kila mwaka nilioongeza niliendelea kunyamaza naye.

Leo nafundisha fizikia Kamenge. Naianika chupa kama nilivyoanikiwa, lakini wanafunzi wangu hawatoki darasani kabla sijawaambia habari ya mvuke na makaa. Mafuta yamepotea tena mjini. Jumapili iliyopita nilikuwa kwa baba, jirani akaja kuomba kuhifadhi bido lake kwetu. Baba alimkatalia mlangoni, akarudi mezani. Nikaona nikikosa kusema leo sitasema kamwe.

"Baba, siku ile ya mama mudogo..."

"Ile kifuniko niliikaza mi mwenyewe asubuhi," alinikatiza, bila kuniangalia. "Niliikaza mpaka mukono ikaniuma."

Kumbe alijua. Alijua pale kwenye kilio, shemeji zake wakimtemea mate, nami nimesimama hatua mbili kutoka kwake.

Akanisogezea sahani. "Kula, mwanangu. Inapoa."