Ndege Niliyemwonyesha Bi Mkubwa

Mimi kazi yangu kutembeza wageni, na mdomo ninao, sifichi. Meli kubwa ya watalii ikitia nanga Dar, wengi hushuka kwenda kununua vinyago au kuja kupiga picha magofu yetu Bagamoyo. Wale wazee wawili, mtu na mkewe, walitaka mikoko tu. Mikoko! Kutwa nzima topeni, jioni warudi melini. Nikasema moyoni, haya, kila mtu na starehe yake.

Bi mkubwa aliniamkia "shikamoo" pale pale getini bandarini. Mtu wa umri wa mama yangu! Nikababaika, nikaitikia marahaba, na aibu ikanikaa mpaka tulipofika Mbegani.

Ufukweni, mkewe alipokuwa anavaa mabuti, bwana akanivuta pembeni. Akaniambia macho ya mkewe yanakwisha. Katikati haoni kitu, anaona kwa pembeni tu, na daktari kasema mwakani huenda hata hapo pasibaki. Tangu usichana wake anapenda ndege, na kuna mmoja anamtafuta miaka yote hajampata: mdiria wa mikoko, ndege mvuvi mwenye mdomo mwekundu wote. Safari yote ile ya meli walikuwa wameifunga kwa ajili yake.

"Yupo?" akaniuliza.

"Yupo! Ondoa shaka, baba."

Ndivyo tulivyo watu wa huku, mgeni hatumwambii hapana. Hata njia tusiyoijua tutakuelekeza, tena kwa mkono.

Maji yalikuwa yametoka, tukaingia. Jamani, wale wazee walinipendeza! Bwana hakumshika mkewe mkono. Alitangulia hatua moja, akawa anamsomea njia kwa sauti ya chini: "Mzizi, kushoto. Tope. Hatua ndefu. Sasa pakavu." Na bi mkubwa akafuata hajikwai, shingo kaiinua kama yuko sebuleni kwake. Mimi na mume wangu hatuwezi kwenda hata sokoni Dunda bila kuzozana nani apite wapi. Nikawaonea wivu, nasema kweli.

Alitaka kila kitu. Alilamba jani la mkoko, akacheka kwa chumvi yake. Alichuchumaa topeni akangoja kaa mwenye gando moja kubwa ampande kiatuni, na kaa akampanda kweli. Lakini mdiria, hola. Tukazunguka kwa muda wa saa mbili, maji yakaanza kurudi, na mimi jasho linanitoka kwa ile ahadi yangu.

Ndipo akatua mmoja kwenye tawi kavu. "Huyo! Huyo hapo!" nikapiga kelele.

Bwana akainua darubini, akatazama, akaishusha. Akanitazama mimi. Astaghfirullah, nami nikaona: kichwa cha kahawia. Alikuwa mdiria wa mashambani, yule tunayemwona kila siku kwenye nyaya za umeme. Nikangoja aniumbue.

"Ndiye, mke wangu," akasema.

Bi mkubwa akageuza uso upande, akamtafuta kwa ile pembe ya jicho. Machozi yakamtoka. Sijawahi kujichukia vile.

Tulirudi mchangani, nikawapakulia wali wa nazi na changu wa kukaanga. Mara mikokoni ikatoka sauti kali, ndefu, yenye kutetemeka mwishoni. Bi mkubwa akaweka kijiko.

"Huyo ndiye," akasema. "Yule wa kwanza alikuwa nani?"

Nikasema mimi: "Wa mashambani, mama. Nilikosea, nikaona haya kusema. Nisamehe."

"Nilijua. Aliita kabla hajatua."

"Sasa mbona ulilia?"

Akamwelekezea mumewe kidole. "Miaka arobaini na tatu huyu hajanidanganya hata kuhusu gauni. Leo kanidanganya. Ndipo nikajua macho yangu yamefika wapi."

Bwana akainuka, anatafuta mabuti. Nikamwambia hapana, maji yamejaa, huko hakupitiki tena.

"Kaa," mkewe akamwambia. "Unamwona kutoka hapo?"

Akakaa, akainua darubini. Akatafuta, akatafuta. "Namwona. Yuko mti wa mwisho, juu ya maji."

"Niambie. Lakini niambie kweli."

"Kichwa kijivu. Mgongo buluu. Mdomo mwekundu wote, mpaka nchani. Mchafu kidogo kifuani, kama ametoka topeni."

Bi mkubwa akacheka, macho kayafumba. Mimi nimewapa mgongo, nalia na upawa mkononi.

"Bado yupo?"

Bwana akatafuta tena, kisha akaishusha darubini. Ingekuwa mimi, ningesema yupo.

"Hapana," akasema. "Ameruka. Simwoni tena."

"Ahsante," mkewe akamwambia, akapapasa mchangani mpaka akaupata mkono wa mumewe.