Foleni Iliyomlipia Holo Mahari

Siku yangu ya kwanza kazini nilimpaka bosi wangu rangi nyeusi kwenye suruali. Ilikuwa katika ghala la pamba pale Malampaka, karibu na stesheni. Kazi niliyopewa ilikuwa kuandika alama kwenye marobota, yale mafungu makubwa ya pamba iliyokwisha kuchambuliwa na kushindiliwa, kabla hayajapakiwa kwenye mabehewa. Unaweka bati lenye herufi zilizotobolewa juu ya robota, unapitisha brashi yenye rangi, kisha unaliinua bati taratibu. Mimi nililiinua kwa haraka ya kujionyesha, rangi ikaruka. Msimamizi wa Ghala akaitazama suruali yake, akanitazama mimi, akasema kwamba sasa na yeye yuko tayari kusafirishwa.

Hakucheka aliposema hivyo, na kwa muda wote niliofanya kazi chini yake sikuwahi kumwona akicheka. Lakini alikuwa na desturi moja. Kila jioni kabla ya kufunga alituuliza mmoja mmoja tumeona nini siku hiyo. Habari za marobota hakuzitaka, hizo zilikuwa zimeshaandikwa. Alitaka mengine. Alisema mtu wa ghala anayeona robota tu ataibiwa na watu. Niliogopa kukosa jibu, nikaanza kutembea na daftari. Mama aliyeshuka kwenye treni na kiatu kimoja huku akicheka, nikamwandika. Mpagazi aliyeimba pale tu alipokuwa hana mzigo, nikamwandika. Baada ya miezi michache yule mama wa kiatu kimoja alikuwa na jina ndani ya daftari langu, ana mume, na ana sababu ya kucheka. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mwandishi wa hadithi bila kuteuliwa na mtu. Tangu hapo nilichokitaka maishani ni kimoja tu: niandike hadithi ambayo mtu ataitaka kiasi cha kuifuata.

Nikahamishiwa kijiji kimoja nje kidogo ya Bariadi, kuwa karani wa kupokea pamba katika chama cha msingi cha ushirika. Niwaeleze vijana maana siku hizi hamjui. Pamba ilikuja kwa mikokoteni ya ng'ombe na kwenye vichwa vya akina mama, imefungwa kwenye mashuka. Kabla ya mizani, karani anapanga daraja. Nyeupe safi ni daraja la kwanza. Ile iliyogeuka rangi, yenye majani na wadudu, tuliiita fifi, na bei yake ilikuwa ya chini. Unazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, kwa sababu juu ya mzigo pamba huwa safi siku zote. Nilijifunza kuwatazama watu usoni wakati mkono wangu ukienda chini. Mwenye fifi ndipo anapokumbuka kukuulizia hali ya wazazi wako.

Hapo kijijini nilimaliza mswada wangu wa kwanza, habari za msichana aitwaye Holo na kijana aitwaye Masalu. Nikaupeleka kwa mchapishaji Dar es Salaam. Ulirudi baada ya muda mrefu pamoja na barua fupi iliyosema lugha yangu ni nzuri ila watu wa hadithi yangu hawana uhai. Nilijificha nyuma ya magunia nikalia, sioni aibu kusema. Kisha hasira ikanipanda. Karatasi zilikuwa adimu pale chamani, basi nikauchukua ule mswada, nikazichanganya kurasa zake ovyo, nikaanza kuandika namba za foleni migongoni mwake na kuwagawia wakulima. Nilijiambia angalau zitafaa kitu.

Foleni zetu zilikuwa ndefu. Ghala likijaa na lori la kwenda kiwandani likichelewa, watu walikaa pale siku mbili, tatu, na mizigo yao. Mtu aliyekaa siku tatu na karatasi mkononi atageuza upande wa pili. Siku ya pili asubuhi nikaona mambo ya ajabu: namba ishirini na tisa amesimama mbele ya namba nane, na namba tatu amejipeleka mwisho kabisa, na wote wametulia. Katibu Meneja wa chama, mtu mnene mwenye sauti nzito, akatoka ofisini kuuliza nani amevuruga foleni. Akajibiwa kwamba haijavurugwa, imepangwa. Walikuwa wamejipanga kwa kufuata kurasa, ili wanaojua kusoma wawasomee wenzao habari kwa mtiririko.

Mayu Kabula, mama mmoja mkulima aliyeheshimiwa sana pale kijijini, alinijia na karatasi yake. Akasema hiyo karatasi yake, namba kumi na nne, inaishia Holo akilia, na ukurasa unaofuata haupo kwa mtu yeyote, basi nimweleze mtoto wa watu analia nini. Nikakiri kwamba ukurasa huo bado ninao mezani. Katibu Meneja alisikiliza yote hayo, mikono kiunoni. Nilijua nafukuzwa kazi.

"Karani," akasema, "kusanya karatasi zako, panda juu ya mizani uwasomee. Nikitoka tena nataka namba moja awe wa kwanza."

Nikasoma, nimesimama juu ya lile bamba la mizani la kupimia magunia. Walisikiliza vizuri mpaka nilipofika mahali nilipojivunia sana, penye sentensi fupi kama walivyotufundisha shuleni: wakaoana, wakahamia Lingeka kwa wazazi wa mume. Foleni nzima ikanyamaza. Nikadhani wamependezwa.

"Ng'wanone," Mayu Kabula akasema, yaani mwanangu, "ng'ombe ziko wapi?"

Nikamwambia hii ni hadithi tu. Akasema ndiyo, anajua ni hadithi, na anauliza ng'ombe za hadithi ziko wapi. Nyuma yake watu wakaitikia. Mtoto amesomeshwa, anajua kulima, anaondoka kwao kwa mstari mmoja? Hapo foleni ikagawanyika bila kuambiwa. Upande mmoja wa mizani wakakaa watu wa Holo, upande wa pili watu wa Masalu. Mzee Limbu, mfugaji aliyekuja na mkokoteni kutoka ng'ambo ya mto, akachaguliwa kuusemea upande wa kijana. Upande wa binti akasimama Mayu Kabula. Wazee wakanung'unika kwamba mahari haisemewi na mwanamke. Akawajibu kwamba Holo hana mama mwingine katika uwanja ule, na kama yupo ajitokeze.

Walijadiliana mpaka kesho yake. Kila ng'ombe aliyetajwa alielezwa rangi na pembe zake. Mzee Limbu alipotoa mtamba mweusi mwenye baka jeupe kifuani, watu wa Holo walitaka kujua kama ukoo wake una maziwa au ni wa kula majani tu. Wote wakanigeukia mimi. Nikasema hilo sikuliandika. Nikaambiwa niandike. Katibu Meneja alitoka tena mbio, akidhani kelele zile ni za kulalamikia mizani. Akaambiwa ni mahari. Akauliza ya nani, akajibiwa ya Holo wa kwenye karatasi za karani. Kisha akauliza wamefikia wangapi, alipoambiwa akasema hao ni wachache mno kwa msichana anayejua kusoma, na yeye ana mabinti, akaenda kukaa upande wa Mayu Kabula.

Nilifurahi siku ile mpaka nikasahau kula. Niliandika kwa kasi maneno yao yote, matusi ya heshima, vikohozi, kuondoka kwa hasira na kurudi, mpaka mahari ikakubaliwa. Ndipo nikaielewa ile barua ya mchapishaji, na nikakubali kwamba alisema kweli. Kuanzia hapo kila siku ya kununua pamba nilikuwa na sehemu mpya ya kuwasomea, na kila sehemu ilikaguliwa na watu waliojua kuliko mimi.

Kisha soko huria likaja. Wanunuzi binafsi waliingia na malori yao na mizani zao, wakawafuata wakulima mpaka nyumbani. Kukaa siku tatu uwanjani kukawa habari ya zamani. Nilifurahi kwa ajili ya wakulima, kwa kweli mateso ya foleni niliyaona kwa macho yangu. Lakini mimi nilibaki na mizani tupu. Wakati huo nilikuwa nimemwacha Holo pabaya: amegombana na Masalu, ametoka Lingeka kwa miguu na mtoto mgongoni, anarudi kwa baba yake. Sikuona sababu ya kumfikisha. Ningemsomea nani? Nikalifunga daftari nikaliweka chini ya vitabu vya stakabadhi, na wiki zikapita.

Mchana mmoja akaja Mzee Limbu. Hana mkokoteni, hana mzigo. Tukasalimiana mwadila, ile salamu ya mchana ya Kisukuma, kwa urefu wake, akaketi kwenye benchi. Nikamuuliza pamba yake iko wapi. Akasema alishaiuza kwa mwenye lori. Nikauliza basi nimsaidie nini.

"Holo alifika kwao?"

Nikasema sijaandika. Akahesabu vidoleni ni wiki ngapi mwanamke yuko njiani na mtoto mchanga.

"Karani, mimi nilisimama mbele za watu nikatoa ng'ombe," akasema. "Kama mke amerudi kwao moja kwa moja, ng'ombe hurudi. Kama hakurudi, nijue. Siwezi kukaa hivi."

Nikamwahidi Alhamisi. Niliandika siku nne mfululizo, nafuta, naandika tena, na ninakiri niliogopa kuliko nilivyomwogopa mchapishaji. Alhamisi ilipofika uwanja ulijaa. Hapakuwa na furushi hata moja la pamba. Walijipanga kwa mazoea, kutoka kwenye mizani mpaka barabarani, na Katibu Meneja akatoa kiti chake mwenyewe nje. Nikasoma jinsi Holo alivyofika, jinsi baba yake asivyomuuliza neno bali alimpa mtoto maziwa ya yule ng'ombe mweusi mwenye baka, jinsi Masalu alivyokuja siku ya tatu na kuketishwa juani, na jinsi Holo mwenyewe alivyotaja masharti yake ndipo akakubali kurudi Lingeka. Mayu Kabula akaniambia wabeja, yaani ahsante, akajifuta macho na kitenge. Mzee Limbu akasema masharti ni magumu lakini yanabebeka.

Kituo chetu kilifungwa msimu uliofuata, nami nikawa miongoni mwa waliopunguzwa kazi. Nilihamia Bariadi mjini nikafungua meza ya kuchapa barua za watu kwa taipureta, kazi niliyoifanya mpaka juzi vidole vilipokataa. Hadithi ya Holo ilikuja kuwa kitabu, na nyingine zikafuata. Vijana wanaoandika hunijia nyumbani kuniuliza moyo wa kuandika nilikuwa naupata wapi, na hutarajia niwaambie habari ya kuamka mapema au ya kusoma vitabu vingi. Hayo yanasaidia. Lakini mimi huwasimulia habari ya wiki niliyokabidhi funguo za chama.

Wiki ile nilikuwa nimeamua kuacha kabisa. Holo alikuwa amekwisha, kazi imekwisha, uwanja hauna watu, na kichwani sikuwa na hadithi nyingine. Mzee Limbu akapita asubuhi, amevaa koti la safari. Akaniambia anakwenda Lingeka kumwona shemeji yake, na kwa kuwa atapita kulekule, kama nina salamu za Holo nimpe. Nilimtazama. Uso wake haukuonyesha utani wowote. Nikamwambia amsalimie sana, yeye na mtoto.

Alirudi siku ya nne. Akaketi, akanywa maji taratibu makusudi mpaka nikashindwa kuvumilia nikamuuliza kama alimkuta.

"Nilimkuta," akasema. "Amenipa maziwa. Anauliza karani mbona yuko kimya."

Nikamuuliza kama Holo amenenepa. Akasema kidogo tu, zaidi usoni, kisha akachukua fimbo yake akaondoka. Hajafika hata barabarani, nilikuwa nimeshafungua daftari jipya.